Gari Lililoitwa Sikai

Nilipopigiwa simu kwamba Chande amefariki nilikuwa nachambua mchele, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni: "Kafa bila kusema." Halafu nikaona haya, nikatamka inna lillahi, nikaendelea na mchele. Lakini mikono haikutulia. Nilichagua punje nzima nikazitupa, nikaacha mawe kwenye ungo, mpaka nikaamua kuuacha mchele wenyewe na kutafuta khanga ya kwendea msibani. Wanangu wanasema mama hakai, mama akikaa ni mgonjwa. Ni kweli. Sijapata kukaa mahali nikatulia tangu nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na mwaka huo huo ndio niliomjua Chande, katika karakana ya maandishi ya Fundi Sefu, Kariakoo.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichotazama Mtaa wa Mkunguni, na nyuma yake kichumba kingine kilichokatwa kwa mbao nyembamba, ambako Fundi Sefu alipokea wateja wa heshima na kulala kidogo baada ya adhuhuri. Kulinuka tapentaini na mafuta ya kitani mpaka chakula chetu kikawa na ladha hiyo. Mchana Chande alitoka kununua muhogo wa kuchoma wenye pilipili, tukaula juu ya kibao kilichokatika. Chai tuliinywa na tende, maana sukari ilikuwa habari ya kusimuliwa. Nyumbani kwetu ugali ulikuwa wa yanga, ule wa unga wa njano uliokuja kwa meli, na nguo tulifulia majani ya mpapai. Watu wanaoukumbuka wakati ule hupenda kuzungumzia foleni. Mimi nakumbuka zaidi vibao vilivyoegemea ukuta wa karakana bila kumaliziwa, kwa sababu wenye maduka walikuwa wameviagiza zamani kidogo, wakati bado wana cha kuuza.

Tulikuwa wanafunzi wawili wa kazi. Chande alitoka Lindi kama mimi, mrefu, mcheshi, mwenye haraka ya kila kitu. Akila alimaliza wa kwanza, akicheka alianza kabla hujamaliza kusema. Mimi nilikuwa msichana pekee aliyeshika brashi mtaa ule, na wapita njia walisimama kunitazama kama nimepanda juu ya mnazi. Fundi Sefu alitufundisha kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na somo lake lilikuwa moja: msasa kwanza. Kibao, bati, mlango wa basi, tangi la maji, chochote kiletwacho, kabla hujagusa rangi unakipiga msasa ili rangi ishike. Alituuliza asubuhi, "Nini kwanza?" nasi tukajibu kama watoto wa madrasa. Mpaka leo nikiona ukuta mpya vidole vyangu vinatafuta msasa.

Mwaka ule mgambo walikuwa wakipita mitaani kuwauliza vijana kazi zao. Asiye na kazi alipandishwa lori, akapelekwa shamba mbali, na ndugu zake walisikia habari baadaye. Sisi tulikuwa na karatasi ya Fundi Sefu iliyosema tunamfanyia kazi, nami yangu nilitembea nayo ndani ya sidiria. Kwa hiyo siku niliposikia maneno haya kupitia mbao za kichumba, mkono ulikwenda kifuani kushika ile karatasi. Fundi Sefu alikuwa ndani na Kitwana, baharia wa meli za masafa marefu, jirani yake wa utotoni.

"Rangi hakuna, vibao hakuna," Fundi Sefu alikuwa akisema. "Duka lisilo na bidhaa utaliandika nini? Hawa wawili siwawezi. Mmoja itabidi aende."

"Yupi?"

"Sijui. Wote wana mkono. Hiyo kazi yako ndiyo itakayoniambia."

Nilimtazama Chande. Naye alikuwa amesikia, muhogo umebaki mdomoni. Tangu dakika ile tulianza kufagia karakana kwa zamu bila kuambiwa, kila mmoja akitaka kuonekana na ufagio.

Kazi ya Kitwana tuliifahamu Ijumaa asubuhi, alipokuja na boksi lililofungwa kamba. Ndani mlikuwa na gari dogo la mashindano, urefu wa mkono wangu toka kiwiko, lenye magurudumu ya mpira na mota ya betri, na kisanduku chenye antena ndefu ya kuliongozea. Aliliweka sakafuni, akagusa kitufe, na gari likaruka chini ya meza, likazunguka mguu wa kiti, likarudi kusimama mbele ya ndala zangu likiunguruma. Chande alipiga kelele. Mimi, naungama, nilipenda. Nilitaka kulikimbiza mpaka Feri na kurudi. Lakini gari lilikuwa uchi, nyaya zote nje. Nguo yake ilikuwa pembeni: bodi ya plastiki nyembamba, angavu kama maji ya mtungini, haina rangi hata tone.

"Jumapili tunashindana Gerezani, nyuma ya maghala," alisema Kitwana. "Kuna yule daktari wa Upanga, kuna vijana wa wenye maduka, wote magari yao yanang'aa. Langu nataka liandikwe mpaka waone wivu. Jina liwe SIKAI, maana mimi baharia sikai. Na bodi ni hii hii moja, Fundi. Nikiiharibu hii, mpaka meli irudi tena Japani."

Akasema atarudi baada ya sala ya Ijumaa kutueleza walivyomwelekeza dukani namna ya kuipaka. Akaondoka na gari kwapani, bodi akatuachia. Fundi Sefu naye akavaa kanzu akaenda msikitini, na mimi nikatumwa kwa Mwarabu wa pembeni kuulizia kama kuna rangi nyekundu. Hakuwa nayo. Niliporudi nilimkuta Chande amepiga magoti juu ya gunia, amekumbatia bodi kifuani kama mtu aliyeokota mtoto. Pembeni yake pamelala msasa.

"Nini kwanza," alisema, wala hakuwa anauliza.

Alikuwa ameipiga msasa nje yote, kuanzia pua mpaka mkia. Alitaka nirudi nikute ameshaianza, aniache nyuma. Ile plastiki angavu ilikuwa imegeuka ukungu mtupu, ungesema kioo cha dirisha la bafuni. Chande analia bila sauti, machozi yanashuka juu ya vumbi jeupe la plastiki mikononi mwake. Nilisimama pale nikihema. Nitasema nilivyohisi: kwanza nilifurahi. Moyo wangu ulisema, nimebaki mjini. Kisha nikaitazama ile bodi, na furaha ikaniishia, maana sijawahi kuvumilia kuona kitu kizuri kimeharibiwa, hata kiwe cha adui yangu.

Kitwana alirudi kabla ya Fundi Sefu. Nilimpokea mlangoni. "Shikamoo, kaka. Fundi kaifungia bodi kabatini," nilimwambia, na bodi iko nyuma ya kibao, na Chande kajikunyata nyuma ya bodi. Kitwana hakuwa na shaka. Akanieleza, akichora hewani kwa kidole, kwamba gari la namna hii halipakwi nje. Linapakwa ndani. Unaanza na vitu vidogo, maandishi na mistari, halafu unafuatia rangi kubwa juu yake, kinyume na kibao. Nje hukugusi kamwe, ndipo panapong'aa, na gari likipinduka rangi haitoki kwa kuwa plastiki imeifunika. "Nje mwiko," alimaliza, akanipigapiga begani, akaenda zake. Nyuma ya kibao nilimsikia Chande akivuta pumzi kama mtu aliyezamishwa.

"Nenda kaseme mwenyewe kwa Fundi," nilimwambia.

"Nitakwenda shamba, Havi."

"Basi nenda."

Nikatoka. Nilitembea Mtaa wa Congo hadi sokoni, nikarudi kwa Msimbazi, nikazunguka tena, jua la saa tisa kichwani. Sikutaka kwenda popote ila miguu ilikataa kusimama. Kwenye kona alikuwepo fundi saa niliyemzoea, mzee mwembamba mwenye lenzi jichoni, na siku hiyo alikuwa akisugua kioo cha plastiki cha saa ya mkono. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi bila kutilia maanani. Anaweka dawa ya meno kidogo kwenye kitambaa, anasugua kwa duara, mikwaruzo inaondoka. Nilimuuliza, "Mzee, hiyo inaweza kung'arisha plastiki kubwa?" Akanijibu bila kuinua macho kwamba plastiki ni plastiki, ila dawa hiyo mimi nitaitoa wapi. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Watu walikuwa wanapiga mswaki kwa mkaa na chumvi.

Nilirudi kumchukua Chande, tukaificha bodi ndani ya kapu la soko, tukaenda nyumbani kwetu, Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya vyumba vilivyotazamana na ukumbi katikati. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mwanne, mjane wa mdomo mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Nilimweleza yote palepale ukumbini, wapangaji wengine wakisikiliza milangoni, Chande akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo unataka dawa yangu ya meno," alisema Bi Mwanne, "nikalipigie mswaki gari?"

"Ndiyo, Bi Mwanne."

"Na lenyewe halina hata jino."

Wote walicheka, hata Chande. Lakini aliingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoka na tyubu aliyoitunza kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Akaikamua kwa mpini wa kijiko kuanzia mkiani, taratibu, akatuwekea kidoto kwenye kisahani cha bati. Mpangaji aliyefanya kazi baa akaleta chake. Mwingine alitoa tyubu iliyokwisha, tukaipasua kwa wembe tukakwangua ndani. Ukumbi mzima ukanuka mnanaa. Tukakaa kwenye mkeka, mimi nashika pua ya gari, Chande mkia, tukasugua kwa vipande vya khanga kuukuu kwa duara ndogondogo mpaka vidole vikafa ganzi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Chande alikwenda polepole. Kila akitaka kukaza mkono nilimpiga kikofi.

"Havi," aliniambia wakati mmoja, "kwa nini unanisaidia?"

"Nasaidia gari," nilimjibu. Ndivyo nilivyodhani.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umetoka karibu wote. Uligoma madirishani tu, mahali palipokunjwa, msasa ulipoingia sana. Tulisugua mpaka kisahani kikakauka, hapakubadilika. Nikaiinua bodi juani, nikaona kwamba si lazima tupasafishe. Madirisha hayapakwi. Tukiyaacha yalivyo, yatakuwa vioo vya gari lililokesha nje na umande. Chande alinitazama, akatabasamu mpaka mwisho wa meno.

Tukairudisha bodi karakanani, na rangi tuliifanya kwa tulichonacho. Nyekundu ilikuwa ya kucha, ya yule dada wa baa. Nyeusi na buluu zilikuwa mabaki ya karakana, nyeupe tuliizimua kwenye kopo lililoganda. Fundi Sefu alikuja kutazama, akakuta bodi safi, hakujua lolote, akaketi kwenye kigoda chake. Kazi ya brashi niliifanya mimi. Chande alishika kioo mbele yangu ili nione herufi zikigeuka, nami nikaandika SIKAI kinyumenyume upande wa ndani, S imepinda kuelekea siko, K imegeuza mgongo, halafu namba, halafu pindo kama la khanga kuzunguka ubavuni, meno mekundu na meusi. Mwisho nikapaka buluu juu ya vyote isipokuwa madirisha, na kwa upande wangu maandishi yakapotea kabisa, kazi yote imezikwa. Niliogopa. Chande akaigeuza bodi. Upande wa nje kila kitu kilikuwa kimesimama, kinang'aa, maandishi yamenyooka. Nimechora mengi tangu hapo, lakini furaha ile haijanirudia kwa namna ileile.

Jumapili nyuma ya maghala kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Njia ilichorwa kwa chaki juu ya saruji, na makopo kwenye kona. Balozi wa nyumba kumi za pale alikuja kuuliza antena zile zinazungumza na nani, Kitwana akampa kisanduku ashike mwenyewe, balozi akaligongesha gari ukutani, tangu hapo hakuuliza tena. Sikai lilianza vizuri, likampita daktari, likampita kijana wa duka, na kwenye kona ya mwisho likapinduka, likasota kwa mgongo juu ya saruji kwa sauti iliyonikata maini. La daktari nalo likaligonga likapinduka. Kijana wa duka akayapita yote mawili, na Kitwana alishika nafasi ya pili. Lakini magari yalipoinuliwa, watu waliacha kumtazama mshindi. Gari la daktari, lililopakwa nje, lilikuwa limebanduka rangi ubavu mzima. Sikai lilikuwa na mikwaruzo tu, na chini ya mikwaruzo pindo langu limekaa palepale, halijapoteza hata jino moja.

"Nani kaandika hili?" daktari aliuliza. Wengine nao wakasogea. Walitaka ya kwao yaandikwe hivyohivyo.

Fundi Sefu alitutazama mimi na Chande. Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma, nikingoja. Rangi nyekundu ilikuwa bado kwenye kucha zangu. Akaweka mkono juu ya bega la Chande. "Kijana wangu huyu," alisema.

Alijua. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akiniona. Nilimgeukia Chande, nikimtaka afungue ule mdomo wake wa haraka, na Chande akatazama ndala zake. Daktari akampa mkono. Kitwana akamkumbatia. Jioni, nikiwa naosha brashi, nilimsikia Fundi Sefu akisema nyuma ya mbao kwamba msichana ana mkono kweli, lakini utamweka mpaka lini, kesho keshaolewa. Sikungoja kuambiwa. Nilizifuta brashi, nikazipanga kwa ukubwa, nikatoka.

Chande alinikimbilia mpaka Msimbazi. "Havi, nilitaka kusema."

"Ulikuwa na mdomo."

"Ningekwenda shamba."

"Na mimi je?"

Alinyoosha mkono kunishika, na kwenye vidole vyake nikasikia harufu ya mnanaa. "Usinifuate," nilimwambia, na hakunifuata. Kwa wiki kadhaa nilijificha kwa Bi Mwanne mgambo wasinione, nikipika ukumbini na kukimbilia chumbani kila liliponguruma lori. Ndiye aliyenitafutia njia ya kuingia kiwanda cha nguo, chumba cha michoro, nami nikachora pindo za khanga mpaka nikastaafu. Wanawake wa nchi hii wamejifunga mikono yangu viunoni. Khanga huandikwa jina lake, haiandikwi jina la aliyeichora, na kiwandani nilikuwa "dada wa michoro" na baadaye "mama wa michoro". Fundi waliitwa wanaume waliotengeneza mashine. Nilisema sijali. Nilijali kila siku.

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo Buguruni. Nyumba ya Chande ilikuwa uchochoroni, turubai limefungwa nje, wanaume wamekaa kwenye viti na mikeka. Nilipita nikielekea kwa wanawake. Karibu na mlango walikaa wanaume saba au wanane, wengine na mvi, wengine vijana kabisa, na niliwatambua kwa kucha zao zenye rangi. Mafundi wa maandishi. Mmoja alinyanyuka kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Pole kwa msiba. Tumwambie mjane nani kafika?"

"Mwambie Havijawa."

Aliyekuwa nyuma yake akauliza taratibu, "Havijawa gani? Wa dawa ya meno?"

Sikuelewa. Nilifikiri wananitania msibani. Mkubwa wao akaja mbele, akaniambia kwamba yeye alifundishwa na marehemu, na hawa vijana amewafundisha yeye, na kwa marehemu hakuna aliyewahi kukabidhiwa brashi siku ya kwanza. Siku ya kwanza unapewa kipande cha plastiki kilichopigwa msasa, kitambaa, na dawa ya meno, unasugua mpaka uone upande wa pili. Wakati unasugua, mzee anakusimulia. Anaanza na haraka yake na msasa wake. Anaeleza jinsi alivyolia. Anaeleza msichana wa Lindi aliyeandika SIKAI kinyumenyume, ambaye mkono kama wake hakupata kuuona tena. Halafu anasimulia Gerezani, na hapo, alisema yule fundi, hata alipozeeka, mzee aliinamisha kichwa akatazama miguu yake.

"Alisema ukimaliza kusugua uje umwambie kazi ile ilikuwa ya nani," kijana mmoja alidakia. "Ukikosea jina, unaanza upya."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimeileta hasira yangu toka mbali, nimeitunza, na sasa sikuona pa kuiweka. Kwa nini hakunitafuta akaniambia mimi? Labda aliogopa nitasema tena kwamba alikuwa na mdomo. Ningesema, najijua. Machozi yalinitoka mbele za watoto wa watu, nami sikuyafuta.

Wote walikuwa wamesimama. Yule mdogo kuliko wote, buluu imemganda kwenye kidole gumba, aliinama kidogo.

"Shikamoo, fundi," alisema.

Nikamwitikia marahaba. Mtu akanisogezea kiti, pale pale mlangoni, katikati yao, nikakaa.